Mkanda Uliokatika Bila Kisu

Mtu akianguka mtini, kijijini hapakosi wa kusema kwamba kuna mkono wa mtu. Inspekta Gwalugano Kibona alikuwa amelisikia neno hilo katika kata tano za Momba kabla ya kulisikia tena Msangano asubuhi ile ya Jumamosi, na kila mara mwanamke huyo alilijibu kwa namna moja. Alivua viatu vya kazi, akavaa raba, akaenda kuutazama mti wenyewe.

Ulikuwa mkuyu mnene, umesimama pale shamba la mahindi linapokutana na korongo. Nguruwe pori walitokea korongoni kila msimu mahindi yakianza kubeba, na njia yao ilipita chini kabisa ya tawi kubwa. Kwa misimu sita Shadrack Siame alikuwa akiwavizia hapo juu, kwa mkuki, na barua ya serikali ya kijiji ya kumruhusu alikuwa nayo. Alhamisi jioni alipanda kama kawaida yake. Ijumaa kulipopambazuka mdogo wake, Amoni, akamkuta chini, shingo imevunjika. Leo saa kumi alasiri walikuwa wanamzika.

Na kabla ya saa kumi Gwalugano alitakiwa awe na la kusema. Mtuhumiwa alikuwa ndani tayari, kwenye chumba cha nyuma cha ofisi ya kata, na vijana waliokaa msibani walishaapa kwamba polisi wakimwachia bila maelezo ya kueleweka, wao watammaliza wenyewe. Si maneno ya pombe. Walikuwa wameyasema asubuhi, macho makavu.

"Mwenyewe angalia, afande," Amoni alisema, akionyesha kidole juu. "Mkanda umekatwa. Mkanda wa lori unabeba tani, unakatikaje kwa mtu wa kilo sabini?"

"Nani kasema umekatwa?"

"Macho yangu. Umenyooka kama umepitishwa kisu. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyo Ombeni mliyemfungia amekula kwetu tangu mtoto."

Koplo Yusuf, kijana wa Tunduma ambaye baba yake alikuwa na malori mawili ya kwenda Zambia, aliegemeza ngazi shinani na kushusha kila kitu kilichobaki juu. Walikitandaza kwenye turubai. Gwalugano akachuchumaa.

Haikuwa kamba ya gome la mti kama waliyotumia baba zao. Shadrack alifanya kazi ya utingo kwa miaka minne kabla ya kurudi kulima, na barabarani alijifunza kwamba hakuna kinachoshinda mkanda wa kufungia mizigo. Basi alijitengenezea kiti cha kuning'inia. Mkanda mmoja ulizungushwa shinani. Mwingine, mpana, ulimpita chini ya makalio, katikati umeshonewa vipande viwili vya tairi, juu na chini, usimkate mapaja. Mikanda hiyo iliunganishwa kwa pete za chuma za kuchomelea, na pete nazo zilivalishwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili zisilie zikigongana, maana nguruwe hana macho lakini masikio anayo. Miguu aliikanyagisha kwenye kipande cha chuma kilichofungwa kwenye shina. Mtu anajilaza nyuma, mikono yote miwili iko huru, mkuki uko tayari. Ni kazi ya akili, na aliyeifanya pamoja naye ni Ombeni Silwimba, fundi wa kuchomelea wa Tunduma, mzaliwa wa hapa hapa Msangano, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Ndiye aliyekuwa ndani.

Mkanda wa shinani ulikuwa mzima. Pete zilikuwa nzima, na uchomeleaji wake haukuwa na ufa. Uliokatika ni ule wa kukalia, kiganja kimoja kutoka kwenye tairi, upande wa kulia.

"Daktari kasemaje?" Gwalugano aliuliza.

"Shingo na mbavu tatu," Yusuf alisoma kwenye karatasi. "Hakuna jeraha la kisu, hakuna alama za kushikwa."

"Nyayo?"

"Za marehemu na za nguruwe. Halafu za kijiji kizima, walipokuja kumbeba."

Gwalugano aliuinua mkanda hadi puani. Akaunusa kwa muda mrefu, hata Amoni akakosa raha. Kisha akaukunja taratibu karibu na pale ulipokatikia. Ulilia kidogo, kama ganda la karanga, na nyuzi nyingine tatu zikakatika mkononi mwake bila kuvutwa.

"Wewe na Shadrack mliwahi kugombana?" alimuuliza Amoni ghafla.

"Mimi? Mimi ndugu yake!"

"Nimeuliza ndugu yake."

Amoni alisema waligombania mpaka wa shamba mwaka juzi na mchungaji akawapatanisha. Alhamisi alikuwa Igamba kwa wakwe zake, akarudi usiku na pikipiki ya watu. Yusuf aliandika namba ya mwenye pikipiki, akasogea kando kupiga simu, akarudi akatikisa kichwa: ni kweli. Gwalugano hakushangaa. Aliuliza kwa sababu ni lazima kuulizwa, na kwa sababu mtu anayepiga kelele sana msibani inafaa aulizwe mapema.

"Sasa nisikilize, Amoni. Nenda kawaambie vijana wako kwamba saa kumi nitakuja mwenyewe kusema. Akiguswa mtu kabla ya hapo, nitaanza na wewe."

* * *

Ombeni Silwimba alikuwa amekaa sakafuni ingawa kiti kilikuwepo. Alikuwa mtu mkubwa, mikono yake ina makovu ya cheche, na macho yalikuwa yamevimba. Gwalugano alishaona watu wengi wakilia mahabusu. Wengi hujililia wenyewe. Huyu alipoletwa kwake jana hakuuliza hata kosa lake ni lipi. Aliuliza kama Shadrack ameshavalishwa.

"Wiki mbili zilizopita, mnadani, mbele ya watu," Gwalugano alianza, "ulimwambia marehemu: endelea hivyo hivyo, utaanguka ufe, na mimi sitakuja kukuzika. Ulisema?"

"Nilisema."

"Ulikuwa unamtishia?"

"Andika nilimtishia, afande."

"Sijakuuliza niandike nini. Mlikuwa mnagombania nini?"

Ombeni aligeukia ukuta.

"Mwanamke? Shamba?"

"Afande, mimi nimesema nilichosema. Andika."

Yusuf akatoa kwenye bahasha kipande cha mkanda wa bluu, kipya, walichokikuta kwenye karakana ya Ombeni huko Tunduma walipomkamata. Kilikuwa kimebaki kutoka kwenye mkanda ule ule uliokatwa kumtengenezea Shadrack. Gwalugano alikiweka mezani, akaomba kisu cha mgambo, akakikata. Ncha zake zikafumuka laini, kama ndevu za mahindi. Akachukua kiberiti cha gesi, akaichoma ncha ya upande wa pili. Ikayeyuka, ikajikunja kuwa tone jeusi. Kisha akaweka mkanda wa marehemu katikati ya hivyo viwili.

"Angalia, Yusuf. Huu umefanana na upi?"

Yusuf akainama. Ncha za mkanda wa marehemu zilikuwa fupi, ngumu, zimelingana. Hazikufumuka na hazikuyeyuka.

"Hakuna, afande. Haukukatwa kwa kisu wala haukuungua." Akasita. "Ila huu ugumu naujua. Mzee wangu alikuwa anafukuza utingo kwa ajili ya hiki. Mkanda ukifungwa karibu na ekzosi hauungui, unakauka tu, siku hadi siku. Kwa macho ni mkanda. Ukiuvuta, unaachia mara moja."

Ombeni aliinua kichwa haraka mno.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo hivyo, afande. Nilimpa mkanda mbovu. Nilinunua kwa madereva, ulikaa kwenye ekzosi, nikajua ni mbovu, nikamshonea. Kosa langu. Andika nitie sahihi."

Yusuf alimtazama bosi wake, kalamu tayari. Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro. Maelezo ya kukiri, na mtuhumiwa mwenyewe anaomba kalamu: kuna wapelelezi wangeagiza chai. Gwalugano aliomba wembe.

Alikata nyuzi za fundi moja baada ya nyingine mpaka vipande vya tairi vikaachana. Mkanda uliokuwa umefichwa kati yake ukatokea. Ulikuwa wa bluu ya kung'aa kama siku uliposhonwa. Aliukunja, ukakunjika. Aliuvuta kwa nguvu zake zote, ukamshinda.

"Uliposhona tairi hii, mkanda ulikuwa mzima," alisema. "Ubovu umekuja baadaye, umekula sehemu zilizo wazi tu. Tena ekzosi inanuka dizeli. Huu unanuka moshi wa kuni." Alivuta kiti akakaa karibu na yule mtu mkubwa pale chini. "Ombeni, nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Nimeona wenye makosa wakiyakataa hata wakiwa na damu mikononi. Sijaona asiye na kosa akiling'ang'ania namna hii. Unamficha nani?"

Ombeni alijifunika uso kwa mikono yake yenye makovu.

"Mzike tu, afande," alisema kwa sauti iliyopasuka. "Mzike, mimi nifunge. Naomba."

* * *

Nyumba ya msiba ilikuwa imejaa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi ya kanisa, wanawake ndani kwenye mikeka, na sufuria za uji zilichemkia nje, kwenye mafiga ya dharura. Gwalugano alimwomba radhi mama aliyekaa mlangoni, akamwinamia mjane.

Sekela alikuwa mwembamba, khanga imefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi. Walisalimiana kwa Kindali, wote wawili wakiwa mabinti wa milima ya Ileje, na kwa mara ya kwanza tangu jana uso wa mjane ulilegea kidogo. Mtu akisikia lugha ya mama yake mahali pa kuolewa, hata siku ya msiba, hupata pa kuegemea.

"Dada, umemwona Ombeni?" Sekela aliuliza. "Wanasema ni yeye. Mimi siamini, lakini nani ananiuliza?"

"Mimi nakuuliza. Nataka kuona marehemu alikuwa anaweka wapi vitu vyake vya kupandia."

"Vingine stoo. Mkanda nakaa nao mimi."

"Unakaa nao vipi?"

"Nautunza mimi. Yaani naulinda." Sekela alijaribu kusimama, shangazi mmoja akataka kumzuia, naye akauondoa mkono wake taratibu. "Niacheni nimwonyeshe. Nimekaa mno."

Jiko lilikuwa nyumba ndogo ya matofali mabichi nyuma ya ile kubwa, na leo lilikuwa baridi. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa mbegu, mahindi yamefungwa mafungu mafungu na maganda yake, meusi kwa masizi. Kwenye mti wa paa kulikuwa na msumari mrefu. Chini ya msumari, kwenye weusi wa ukuta, palikuwa na mistari miwili safi, upana wa mkanda, imeshuka mpaka karibu na moto. Gwalugano aliitazama, na moyo ukamshuka. Hakuhitaji kupima. Alipima hata hivyo, kwa sababu kazi ni kazi.

"Nani alikufundisha kuutundika hapa, dada?"

"Mama mkwe, Mungu amlaze pema. Siku ya nne ya ndoa alinishika mkono akanileta kwenye jiko lake, akanionyesha kamba ya baba mkwe. Akasema, mwanangu, wanaume wa ukoo huu wanapanda miti. Mume akiwa chini, kamba yake inakaa juu ya moto wa mke wake. Moshi unaikaza, mdudu haili. Mke akiitupa stoo, amemwacha mume wake hewani." Sekela alikuwa akiongea huku akiutazama msumari. "Mimi mgeni hapa. Wifi zangu walikuwa wanasema wanawake wa Ileje hawajui kutunza. Nikasema watanyamaza. Miaka kumi na moja, dada, kamba yake haijalala pengine. Shadrack akirudi asubuhi naipokea mlangoni, sisubiri hata aniamkie."

"Hata alipoacha kamba ya gome akaleta huu wa lori?"

"Kamba ni kamba."

"Msimu huu hakuna kilichobadilika?"

"Mvua tu. Mwaka huu imetuonea. Mkanda ulikuwa unarudi umelowa chapachapa kila siku, nao jioni anautaka. Nikaushusha kidogo, nikawa naongeza kuni, ukauke vizuri asije akakaa kwenye ubichi akaumwa mgongo." Akageuka. "Kwa nini unaniuliza hivyo? Kuna mtu aliingia humu akaukata?"

Gwalugano alikuwa amewaambia wazazi kwamba watoto wao wamekufa. Aliwahi kumwambia mke kwamba mumewe ndiye mwizi. Lakini hili lilimshinda, na hakuona haya kulikubali moyoni mwake. Alifunga daftari.

"Hakuna aliyeingia humu," alisema. "Twende ukakae, dada. Jua kali."

Sekela hakuondoka mara moja. Alibaki akiutazama msumari, kisha mafiga, kisha mkono wa yule polisi uliokuwa umeshika futi ya kupimia. Hakuuliza tena. Hilo ndilo lililomtia Gwalugano wasiwasi njia nzima ya kurudi ofisini.

* * *

"Nimetoka jikoni kwa Sekela," alimwambia Ombeni.

Yule fundi alilia kwanza. Halafu akasema yote, kwa kuwa hapakuwa na cha kulinda tena.

"Nilikuja kuchomelea geti la shule, nikapita kwao kunywa chai, nikauona umetundikwa juu ya moto. Nikamtoa Shadrack nje, nikamwambia bwana, wewe ulikuwa utingo, unajua kabisa nailoni na moto. Akasema anajua."

"Alijua?" Yusuf alidakia.

"Alijua tangu mwanzo. Zamani ulikaa juu zaidi, moshi tu, hapakuwa na shida. Mwaka huu akaona unakakamaa. Akaniambia, Ombeni, siwezi kumwambia. Yule mwanamke amechekwa na dada zangu miaka yote, kitu pekee ambacho hata mama yangu alimsifia ni hicho. Nikimwambia moto wake unaharibu mkanda, nimemvunja. Nikamwambia basi nunua mwingine, ufanane na huo, umbadilishie kimya kimya. Akasema ndiyo, mahindi yakishavunwa. Pale mnadani nilikuwa namkumbusha, akacheka. Ndipo nikamfokea yale maneno." Alifuta pua kwa mkono. "Kipande kile mlichokikuta kwangu nilikuwa nimeanza kukiunga. Ningemletea Jumanne."

Kisha Yusuf akasema polepole, "Mficha maradhi."

"Usimalizie," Gwalugano alisema.

Aliandika maelezo ya Ombeni kwa ukamilifu, neno kwa neno, akayaweka kwenye jalada la Tunduma ambalo Msangano hakuna wa kulisoma. Kwa ajili ya mazishi aliandika karatasi nyingine, mistari mitatu: kifo cha ajali, mkanda ulikatika kwa uchakavu, hakuna mtu anayehusika.

"Afande, uchakavu?" Yusuf aliuliza.

"Uongo uko wapi?"

"Haupo. Ila Amoni hatakubali."

"Atakubali. Nikisema mimi, atakubali."

Alikosea. Baadaye, akiandika ripoti yake, alikosa namna ya kulieleza kosa hilo, maana halikuwa la utaratibu. Aliona huruma, akafanya kama Shadrack.

* * *

Saa kumi mchungaji alikuwa amemaliza sala na jeneza lilikuwa juu ya miti miwili, kando ya kaburi, likisubiri. Gwalugano alisimama mbele ya watu na kusoma mistari yake mitatu. Ombeni alikuwa nyuma yake, hana pingu, Yusuf ubavuni.

"Uchakavu!" Amoni alirudia kwa nguvu. "Kaka yangu alikuwa anaukagua mkanda kila akipanda. Uchakavu asiuone? Mmepewa nini nyie?"

Mnong'ono ukapita kwenye mabenchi. Kijana mmoja aliinuka, wa pili, wa tatu. Majembe na makoleo ya kuzikia yalikuwa karibu kuliko ilivyofaa. Yusuf alishika silaha yake kiunoni.

"Ni mimi," Ombeni alisema kwa sauti kubwa. "Nilimpa mkanda mbovu. Afande ananihurumia tu. Ni mimi."

"Ombeni, nyamaza!" Gwalugano alimkemea, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na watu walishaanza kusogea. Mtu alirusha donge la udongo, likampata Ombeni kifuani, naye hakulikinga.

"Shemeji, nyamaza."

Sauti haikuwa kubwa. Sekela alikuwa amesimama upande wa wanawake, khanga imemtoka kichwani na hakuiokota. Wanaume walimpisha, maana mjane akitembea kuelekea kaburini nani atamzuia? Alipita katikati yao, akawapita akina Amoni na makoleo yao, akasimama mbele ya Gwalugano, karibu kiasi cha kumsikia akihema.

"Dada, nakuuliza mbele ya mume wangu. Usinifiche. Ni moto?"

Gwalugano alitazama zile nyuso. Angeweza kusema hapana. Angemwokoa mmoja na kumwacha mwingine apigwe, na hata huyo mmoja asingeokoka, kwa maana alikuwa ameshajua tangu jikoni.

"Ni moto," alisema.

"Moto wangu."

"Hukujua, dada. Mkanda huu si kama kamba ya gome. Moshi unaoikaza ile, huu unaukausha ukavunjika. Hukufundishwa, na aliyekufundisha hakuujua mkanda huu."

Sekela aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anayehesabu. Kisha akawageukia watu wa mume wake.

"Mmesikia. Aliyemwangusha Shadrack ni mimi. Nilikuwa naongeza kuni. Amoni, kama una la kufanya, nifanyie mimi, Ombeni mwache."

Amoni aliliweka koleo lake chini. Wale wifi za Sekela waliokuwa wakimcheka zamani walianza kulia, si kile kilio cha kuitikia msiba, kingine, cha chini chini.

"Shemeji," Sekela alisema, sasa akimtazama Ombeni. "Ulimfokea mnadani. Ulikuwa unamwambia hili?"

Ombeni alitazama jeneza.

"Kwa hiyo alijua."

"Shemeji..."

"Alikuwa utingo. Alijua."

"Alijua," Ombeni alisema. "Hakutaka uumie. Alisema angeubadilisha baada ya mavuno, usijue."

Hapo ndipo Sekela alipoanguka. Gwalugano alimdaka, wakashuka pamoja mpaka kwenye udongo uliochimbuliwa, na mjane akaweka mkono wake juu ya jeneza kama mtu anayemwamsha aliyelala.

"Si ungeniambia," alimwambia. "Baba, si ungeniambia tu. Ningenuna siku mbili. Siku ya tatu ningekupikia."

Mchungaji alisubiri. Baadaye Ombeni aliingia kati ya vijana wale wale, akaomba nafasi kwenye kamba za kushushia, na Amoni akampa.